Somo la Kiwanda: Tangu Kuchagua Kiwanja Hadi Kutunza Mashine



Tukisikia neno "kiwanda", wengi wetu tunafikiria majengo makubwa ya mjini, yenye bomba la moshi na geti lenye askari. Hatukosei. Lakini mashine ya kusaga iliyopo kijijini nayo ni kiwanda. Inapokea malighafi, yaani mahindi. Inatumia nguvu, yaani umeme au dizeli. Inatoa bidhaa, yaani unga. Ina wafanyakazi, ina wateja na mara nyingi ina deni. Tena inaweza kufa, kama kiwanda kikubwa kinavyoweza kufa.

Vikundi vingi katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru vinapanga kununua mashine. Vingine vinaomba mkopo wa halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo ule hauna riba, lakini ni deni. Mashine ikisimama, deni halisimami. Basi tusome pamoja jinsi kiwanda kinavyoendeshwa, na tuanze na kiwanda kimoja cha hapa kwetu Arusha ambacho wazee wengi wanakikumbuka.

KIWANDA CHA MATAIRI

Katika eneo la viwanda la mji wa Arusha kulikuwa na kiwanda cha matairi, General Tyre. Kampuni iliundwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Matairi yakaanza kutoka mwaka 1971. Serikali ya Tanzania ilikuwa na hisa 74 katika kila 100, na mbia wa kigeni alikuwa na hisa 26. Matairi ya magari yetu mengi yalitoka hapo. Hata yalipokwisha barabarani hayakutupwa. Yaligeuka kuwa katambuga, na tukayavaa miguuni kwa miaka mingine.

Tairi linatengenezwaje? Mpira mbichi unachanganywa na masizi meusi, salfa na dawa nyingine katika mashine kubwa ya kukanda. Unalazwa juu ya nyuzi na waya ngumu, unapewa umbo, halafu unafungwa ndani ya kalibu na kupikwa kwa joto la mvuke. Bila kupikwa na salfa, mpira hunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Siri hiyo iligunduliwa na Mmarekani, Charles Goodyear, mwaka 1839. Kwa hiyo kiwanda cha matairi kinahitaji umeme, maji, mvuke na mashine nzito zinazofanya kazi kwa pamoja. Mashine moja ikigoma, nyingine zote zinasubiri.

Sasa tujiulize. Je, Arusha palikuwa mahali pazuri pa kujenga kiwanda hicho? Kwa upande mmoja, ndiyo. Reli ilikwisha fika Arusha tangu mwaka 1929. Barabara ya Nairobi ilikuwepo. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yalikuwa papa hapa, na jina lenyewe la kampuni, General Tyre East Africa, lilionyesha kwamba ilitazamia soko la nchi zaidi ya moja. Kwa upande mwingine, bandari ilikuwa mbali. Tanga ni zaidi ya kilomita 400 na Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Sehemu kubwa ya malighafi ilitoka ng'ambo. Mashamba ya mpira yalipandwa Kihuhwi, wilaya ya Muheza, na Kalunga, huko Kilombero, lakini shamba la mpira haliwezi kutoa masizi wala waya.

Halafu mambo yakabadilika. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Kiwanda hakikuhama, soko ndilo lililohama. Hapa tunapata funzo ambalo hata mwenye mashine ya kusaga anapaswa kulijua: ukichagua kiwanja, usiulize tu leo pakoje. Uliza pia ni jambo gani likibadilika litakuumiza.

General Tyre iliendelea kwa miaka mingi baada ya hapo. Lakini mitambo ilizeeka. Matairi ya bei nafuu yakaingia toka nje. Fedha za kununulia malighafi zikapungua. Kampuni ikakopa dola za Marekani milioni 10 toka Mfuko wa NSSF, na mkopo huo haukuweza kukifufua kiwanda. Kufikia mwaka 2009 kilikuwa kimefungwa. Baadaye kilikabidhiwa kwa NDC, Shirika la Maendeleo la Taifa.

Watu hubishana sana juu ya nani alikiua. Sisi hatutaingia katika ubishi huo. Tunataka msomaji aone jambo moja tu. Mashine huchakaa kila siku inapofanya kazi. Kama kila siku hakuna kinachowekwa kando kwa ajili ya uchakavu huo, siku moja mtatafuta hela nyingi kwa mkupuo, nanyi hamtakuwa nazo. Mtakwenda kukopa. Na mkopo wa kumfufua mgonjwa mahututi ni mzito kuliko mkopo wa kuanzia.

Sasa turudi kijijini.

KIWANJA

Mtaa wa Unga Limited mjini Arusha ulipata jina lake kwa sababu ya kiwanda cha kusaga unga. Kiwanda kilivuta watu, watu wakajenga, mtaa ukakua. Mashine ya kijiji nayo huvuta watu. Lakini lazima muiweke pale ambapo watu wanaweza kufika.

Mteja wa mashine ni nani? Mara nyingi ni mama au mtoto aliyebeba debe kichwani. Basi pimeni kwa miguu yake, si kwa pikipiki ya mwenyekiti. Upande wa mlimani vijiji vimekatwa na makorongo. Nyumba mbili zinaweza kuonana, lakini kufika ukazunguke nusu saa. Tena njia inayopitika Januari huenda ikawa tope tupu mwezi wa Aprili. Nendeni mkaitazame njia hiyo wakati wa masika kabla ya kuamua.

Msijenge ndani ya mkondo wa maji hata kama ni mkavu. Maji ya Meru hushuka kwa ghafla. Na msijenge karibu na darasa au zahanati, maana mashine ina kelele na vumbi. Tazameni pia upepo unatoka wapi kwa kawaida, ili pumba zisiingie kwenye vyakula vya jirani.

Halafu kuna jambo la hati. Tuliwahi kukitembelea kikundi kimoja kilichojenga banda la mashine kwenye kiwanja cha mzee mmoja mwema. Makubaliano yalikuwa ya mdomo. Mzee alipofariki, watoto wake walidai kodi ya miaka yote, na banda likafungwa kwa kufuli mbili, moja ya kikundi na moja ya watoto. Mahindi yalisagwa kijiji cha pili kwa miezi saba. Ndugu, ninyi mnajua kusoma na kuandika. Andikeni. Jina la mwenye ardhi, ukubwa wa kiwanja kwa hatua, mipaka, miaka mingapi, kodi kiasi gani, na akifariki itakuwaje. Mke wake na watoto wakubwa watie saini pia. Mtendaji wa kijiji agonge muhuri. Kila upande ubaki na nakala yake.

NGUVU YA KUENDESHEA

Kama umeme umefika, ulizeni TANESCO swali moja mapema: hapa kuna umeme wa njia tatu, ule mafundi wanaouita fezi tatu? Nyaya za kuwasha taa peke yake hazitoshi mota kubwa ya kusagia. Wako waliokwisha kununua mota ndipo wakauliza. Kuvuta laini kunaweza kuwa na gharama kubwa kuliko mashine yenyewe.

Kama mtatumia injini ya dizeli, kumbukeni kwamba sisi tunaishi juu. Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya mlimani viko juu zaidi. Kadiri tunavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na injini ya kawaida inakosa pumzi. Hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo injini inayosaga vizuri Tanga inaweza kuchoka Olkokola. Mwambieni muuzaji mashine itafanya kazi wapi, naye awape yenye nguvu ya ziada.

Adui mwingine wa injini hapa kwetu ni vumbi. Udongo wetu umetokana na majivu ya volkano, na ukavu ukiingia upande wa Kisongo au Oldonyo Sambu, vumbi laini huingia kila mahali. Vumbi hilo ni kama msasa. Likipita kwenye kichujio cha hewa kilichotoboka, linakula ringi za pistoni na silinda toka ndani. Fundi wa mbali akiwaambia msafishe kichujio kila mwezi, ninyi safisheni kila wiki. Wakati wa upepo, kila siku.

KUTUNZA MASHINE

Hapa ndipo vikundi vingi vinaposhindwa, kwa hiyo hapa tutakaa kidogo.

Siku moja tulikuwa katika banda la kusaga. Mkanda ulikuwa unalia. Tukamwuliza msagaji, "Mama, mbona mkanda unalia hivi?" Akajibu, "Unalia tangu juzi, mwalimu, lakini bado unasaga." Jibu hilo tumelisikia kila tulikokwenda. Mashine haigomi ghafla. Inaanza kwa kulalamika. Inalia, inatetemeka, inapata joto, inanuka. Anayesubiri mpaka igome analipa mara tatu: anamlipa fundi, ananunua spea, na anawapoteza wateja.

Ndani ya kinu cha kusagia mna nyundo za chuma zinazozunguka kwa kasi na kuyapiga mahindi. Chini yake kuna chekeche lenye matundu. Unga ukiwa laini kiasi cha matundu, unapita. Nyundo hulika kwenye kona. Kona moja ikilika, nyundo nyingi zinaweza kugeuzwa zitumie kona nyingine, na hapo hamjatumia hata senti moja. Kona zote zikiisha, badilisheni nyundo zote pamoja. Msibadilishe moja tu kwa kubana matumizi! Nyundo mpya ni nzito kuliko iliyolika. Uzito usipolingana pande zote, shafti itatetemeka, na mtetemeko utavunja beringi. Mmeokoa bei ya nyundo chache, mkalipia beringi mbili na siku nne za kusimama.

Mkanda usikaze mno wala usilegee mno. Zimeni mashine, bonyezeni mkanda katikati kwa kidole gumba. Ukibonyea kidogo tu, kama upana wa kidole, uko sawa. Ukilegea, unateleza na kulia. Ukikaza mno, unavuta beringi mpaka zinaungua. Kisha vuteni uzi toka puli moja hadi nyingine mwone kama zimenyooka pamoja. Uzi wa mwashi unatosha kabisa, hauhitaji fundi wa mjini.

Grisi nayo ina kipimo chake. Wengine hawatii kabisa. Wengine wakitia, wanajaza mpaka inamwagika, wakidhani ni upendo. Grisi ikizidi, beringi inapata joto vilevile. Fuateni kitabu cha mashine. Kama kitabu kimeandikwa kwa lugha ya kigeni, mpelekeeni mwalimu wa shule awasomee, ninyi mwandike kwa Kiswahili na kubandika ukutani.

Kabla ya kusaga, pepeteni mahindi. Msumari mmoja unaweza kutoboa chekeche. Sumaku ikiwekwa kwenye mdomo wa kinu husaidia sana. Mahindi mabichi msiyapokee, hata kama ni ya kiongozi, kwa sababu yanaziba matundu. Washeni mashine ikiwa tupu, ndipo mwage mahindi kidogo kidogo. Wakati wa kuzima, acheni kinu kimalize kwanza.

Mota ikinguruma bila kuzunguka, zimeni mara moja. Huenda njia moja ya umeme imekatika. Mota ya njia tatu ikiendelea kuvuta umeme kwa njia mbili huungua kwa dakika chache. Swichi ya kinga huwekwa kwa kazi hiyo. Tumeona mahali ambapo swichi ile imekandamizwa kwa kijiti ili "isisumbue". Huko ni kumfunga mbwa mdomo kwa sababu anabweka usiku.

USALAMA

Sisi wa huku tunavaa shuka, kanga na vitenge. Mkanda unaozunguka hauchagui. Unashika pindo la nguo na kumvuta mtu mzima kabla hajapiga kelele. Mkanda na puli vifunikwe kwa wavu wa chuma, na wavu usitolewe wakati mashine inazunguka. Watoto wasubiri nje ya kamba. Msagaji avae nguo ya kubana, ajifunge kitambaa puani, na swichi ya kuzimia iwe mahali anapoweza kuifikia kwa hatua moja. Koroboi na sigara ni marufuku ndani ya banda, kwa kuwa vumbi la unga likijaa hewani linaweza kulipuka kwa moto mdogo. Wakala wa OSHA, chini ya sheria ya mwaka 2003, hukagua usalama mahali pa kazi. Kikundi kiandikishe banda lake huko.

DAFTARI NA HESABU

Nunueni daftari moja la mashine, mbali na lile la fedha. Kila jioni msagaji aandike tarehe, debe zilizosagwa, saa za kazi, grisi au oili iliyotiwa, na jambo lolote geni aliloliona. Kwa mfano: "Jumanne. Debe 38. Saa 4. Beringi ya kulia ina joto." Siku tatu baadaye mwingine akisoma "beringi ya kulia ina joto sana", kikundi kitajua kwamba wakati wa kuagiza beringi umefika, kabla haijavunjika. Oili ya injini nayo hubadilishwa kwa kuhesabu saa za kazi, na bila daftari hakuna anayezijua saa hizo.

Sasa tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, ninyi mtaweka za kwenu. Tuseme mashine yote pamoja na kuifunga imegharimu shilingi 6,000,000. Tunatarajia idumu miaka 5.

6,000,000 gawanya kwa 5 ni 1,200,000 kwa mwaka.
1,200,000 gawanya kwa 12 ni 100,000 kwa mwezi.
Mashine inafanya kazi siku 25 kwa mwezi. 100,000 gawanya kwa 25 ni 4,000 kwa siku.
Tunasaga debe 40 kwa siku. 4,000 gawanya kwa 40 ni 100.

Maana yake nini? Kila debe linaposagwa, mashine inajipunguza kwa shilingi 100. Shilingi hizo si faida. Ni mali ya mashine.

Tuseme tunatoza shilingi 1,500 kwa debe. Kwa siku tunapata 60,000. Umeme 16,000. Msagaji 10,000. Spea na grisi 4,000. Uchakavu 4,000. Jumla ya matumizi ni 34,000. Kinachobaki ni 26,000. Tukilipa mkopo 12,000 kila siku ya kazi, tunabakiwa na 14,000 za kugawana au kuweka akiba, na mkopo wa 6,000,000 unakwisha kwa miezi 20.

Kikundi kisichohesabu spea na uchakavu kitaona kinabakiwa na 22,000 baada ya kulipa mkopo. Kitafurahi. Kitagawana. Kwa siku kimekula 8,000 za mashine, kwa mwezi 200,000, kwa mwaka 2,400,000. Siku mota itakapoungua, kila mmoja atamtazama mhasibu kana kwamba ameiba, na huenda hakuiba hata senti. Tumeona vikundi vikivunjika kwa namna hiyo, ndugu na ndugu hawasalimiani kanisani wala sokoni.

Fedha za mashine zifunguliwe akaunti yake, watia saini watatu, na mmoja wao awe mama anayesagisha kila wiki. Yeye ndiye anayejua uchungu wa mashine iliyosimama.

Wenye kutaka ushauri kabla ya kununua wasione haya kwenda mjini. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Arusha. TEMDO, iliyoanzishwa mwaka 1980, hubuni mitambo. CAMARTEC inashughulika na zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. Waulizeni spea za mashine mnayoitaka zinapatikana duka gani, na fundi wa karibu ni nani. Mashine ya bei nafuu ambayo beringi yake lazima iagizwe ng'ambo ni ghali.

ZOEZI LA DARASA

1. Tembeleeni mashine moja ya kijijini. Kaeni kimya dakika tano mkiisikiliza. Andikeni sauti mlizozisikia, na kila sauti mseme inatoka wapi.

2. Kikundi kimenunua mashine kwa shilingi 4,500,000. Itadumu miaka 5. Inafanya kazi siku 25 kwa mwezi na kusaga debe 20 kwa siku. Katika kila debe, shilingi ngapi ni mali ya mashine?

Jibu la swali la 2: shilingi 150.